Sampuli ya Kumi na Tatu

Akron, Januari. Nje theluji imechakaa,
nami nakoroga masizi ndani ya gundi.
Asilimia moja: mita kimya.
Moja na nusu: kimya.
Haba na haba, nilifunzwa, hujaza kibaba.
Hapa kibaba hakijai wala hakipungui,
kinanikodolea tu,
cheusi kama sufuria ya matanga.

Delmer wa meza ya pili kesharudi kwake.
Miezi minne tunapishana mlangoni
vichwa chini, kila mtu na kikombe chake.

Mbili na robo. Nakausha, nakata, nabana waya.
Mita inashtuka!
Ukinzani wote umeporomoka
kama ukuta wa udongo masika.

Punje ile ya mwisho haina ajabu,
imekaa tu palipokuwa na pengo.
Na wala hazigusani, punje hizi:
zimekaribiana
kiasi cha umeme kuthubutu kuruka.

Saa tano usiku Tirtha anaingia na ndoo.
"Bado upo?"
"Bado."
Namwonyesha namba. Anaegemeza fagio,
anainama kutazama,
bega lake nusura liguse langu.