Herufi Yenye Wimbi

Hilja Roosipuu aliingia na theluji mabegani,
kompyuta kaikumbatia, kaiviringisha blanketi
kama mtoto mwenye homa.
Viljandi, Februari, saa kumi jioni, taa zimekwisha kuwashwa.
"Raivo," akasema, "mjukuu wangu amebonyeza Kubali."

Basi, hivyo tu. Kubali.
Mfumo mpya ukaingia usiku kama mpangaji asiyebisha hodi,
ukapaka kuta rangi, ukahamisha vyungu,
na asubuhi mashine ya kufuma, ile nzito ya chuma,
ukaiuliza: wewe nani?
Miaka kumi na minane walisemezana.
Sasa waya upo, salamu hakuna.

Nikamwambia: tutaurudisha ule wa zamani.
Lakini huku si kutembea kinyumenyume;
ni kubomoa nyumba hadi msingi
na kuijenga tena kama ilivyokuwa,
na kabla nyundo haijagusa ukuta
vyombo vyote viwe uani, vimehesabiwa.
"Vitabaki?"
Wapo wasemao akiba haiozi;
hao hawajasikia diski ikianza kukwaruza.
Nikatoa nakala mbili: moja ya kuiamini,
moja ya kutoiamini ile ya kwanza.

Nikahesabu. Huku faili elfu mbili mia tatu na kumi na moja.
Kule elfu mbili mia tatu na kumi.

Mwingine angesema, ah, moja.
Moja katika elfu mbili ni nini? Punje.
Na njaa ninayo, na duka la mikate hufunga saa kumi na mbili.
Lakini nimewahi kusema "ah, moja":
ilikuwa picha ya harusi ya mtu,
na hadi leo nikimwona sokoni
nainama kufunga kamba za viatu.

Nikaikuta chini kabisa, jina neno moja: Õnne.
Ile o yenye wimbi kichwani
ambayo diski yangu kuukuu haikufundishwa kuitamka,
ikairuka kimya, bila hata kukohoa.

"Ni dada yangu," Hilja akasema.
Glavu. Ya kulia alimaliza kuichora, nyota nane, ukingo mwekundu;
ya kushoto aliiachia safu ya arobaini na mbili
siku walipompeleka hospitali, Tartu.
Nikasogeza kibodi: naweza kulitoa hilo wimbi,
niandike Onne, ipite.
"Usithubutu. Hakuitwa hivyo."

Sikubishana. Nikaifunga ndani ya bunda,
bunda nikalipa jina la kijinga, mzigo3,
na jina lake likasafiri humo ndani, zima,
kama yai ndani ya soksi ya sufu.
Nikahesabu upya. Zikatimia.

Ndipo pale panapouliza: Futa vyote?
Nimebonyeza hapo mara mia na ushei
na kila mara kidole huwa cha mtu mwingine.
Hilja akageukia dirisha,
akalitazama gari la kukwangua theluji mpaka likakata kona.
Nikafuta.

Ule mstari wa kijani ukatambaa saa nzima.
Tukanywa kahawa. Tukalalamikia bei ya sufu, kisha magoti yake,
kisha hatukuwa na la kulalamikia, tukanyamaza.
Mfumo wa zamani ukaamka na mlio wake wa kizamani
na buluu yake iliyopauka.
Ukaomba kusasishwa. Nikakataa.
Ukaomba tena. Nikauziba mdomo.

Jumamosi nilikwenda kwake kuchomeka waya.
Mashine kimya.
Mashine kimya.
Halafu sindano mia mbili zikainuka kwa pamoja,
kama darasa mwalimu anapoingia.

Asante hakusema.
Alifungua Õnne, akakishusha kishale hadi safu ya arobaini na tatu,
akavaa miwani,
akavuta uzi.
"Lete mkono," akaniambia. "Si huo. Wa kushoto."