Ndewe

Miaka thelathini na mmoja nilihesabu shehena Kilindini:
kahawa, saruji, mbolea, mabati,
penseli nyuma ya sikio, tani kwa tani,
wala sikupoteza hata kifurushi.
Leo asubuhi nimeshindwa na unga.

"Kiasi gani?" nauliza.
Mwanamkasi ameketi mlangoni pa jiko,
mkono wa kulia umelala mapajani
kama mgeni asiyesema ataondoka lini.
Wa kushoto ndio unaonijibu: ngumi, ngumi, nusu ya ngumi.
Ngumi ya nani, bibi? Yako au yangu?
Anacheka. Upande mmoja wa mdomo unacheka,
wa pili unangoja.

Skonzi hizi zilisomesha watoto wanne.
Alfajiri, Bondeni haijapiga mswaki,
harufu ya iliki imeshagonga milango yote,
na watoto wa shule wamejipanga barazani
na shilingi zilizolowa jasho la viganja.
Bi Skonzi, mbili! Bi Skonzi, nakopa!
Mimi nikipenya katikati yao kuwahi zamu,
yangu ya moto nimeifunga kwenye gazeti,
naila njiani
kama mtu alaye kitu kilichoota chenyewe.

Hakikuota.
Hamira yataka maziwa ya vuguvugu:
yakiwa moto utaiua,
yakiwa baridi italala mpaka Ijumaa.
Unadondosha tone kwenye kifundo cha mkono
kama unayejaribia mtoto chupa.
Na hilo pia sikulijua.
Chupa za wanangu alizijaribu yeye.

Nakanda. Unga wanipanda mpaka viwikoni,
umenishika kama mdai.
Mzee mzima, karani wa bandari,
nimegandana na beseni, simu inalia,
na nzi ametua puani kwangu,
ameshajua sina mkono wa kumfukuza.
"Bado," asema Mwanamkasi.
Nakanda. "Bado."
"Sasa nitajuaje ukiwa tayari?"

"Ndoo."
Neno limetoka likichechemea, lakini limefika.
Anasogeza mtandio, anainamisha kichwa.
"Shika hapa. Uwe hivi."

Ndewe ya sikio lake.
Ina matundu mawili, moja limeziba
tangu mwaka tulipouza vipuli kulipa karo.
Najipangusa kwa kanga yake, unga hautoki.
Nashika hivyo hivyo.

Laini. Ina ubaridi kidogo, kisha joto linakuja.
Nilikuwa nikimshika kila siku: kumwinua,
kumgeuza, kumvisha mkono wa gauni,
mshiko wa kazi, mshiko wa mizigo.
Huu mwingine nilikuwa nimeusahau mahali,
na sikuwa hata nimeutafuta.
Beseni linangoja kulinganishwa.
Sijaachia.
Naye hasemi basi.

Mchanga ndani ya sufuria kubwa, sinia juu ya vijiwe,
bati juu, makaa juu ya bati.
Moto juu, moto chini, na katikati
kumi na nane, zimebanana bega kwa bega.
Nilizihesabu, mazoea hayafi.
Nne ziliungua matako. Moja ilikwama siniani,
ikatoka nusu nusu.

Yeye akachagua iliyoungua.
Akatafuna kwa upande wake mzima, taratibu,
nami nimesimama kama mbele ya afisa wa forodha.
Akameza.
"Chumvi," akasema.
Kisha mkono wa kushoto ukafuata ya pili.

Bi Shumi wa nyumba ya pili akaingia, ati kaja kutujulia hali,
pua imemtangulia.
Akapewa yake, akaitia kwenye chai,
akamtazama Mwanamkasi sikioni
palipobaki alama mbili nyeupe za vidole,
akanitazama mimi,
akala kimya.