Simu ya Chieko

Saa kumi na mbili na dakika arobaini, Pangani,
mama anapiga kutoka Wundanyi.
Nabonyeza. Gari linakohoa,
linameza neno la kwanza, linatema la tatu,
halafu kimya.
"Mghoi? Mbona umejifungia ndani ya pipa?"
Nikitaka kujibu, redio imesharudi
na bei ya vitunguu.

Wiki tatu hivyo.
Nilifanya yote niliyoshauriwa ofisini:
nikazima simu, nikaiwasha,
nikazima gari katikati ya foleni, nikatukanwa kwa honi,
nikaipuliza simu kama mtu anayepoza uji.
Binamu yangu akasema niielekeze mbele,
kana kwamba dashibodi ina kibla.

Jumamosi nikashuka Barabara ya Kirinyaga.
Oduori alikuwa chini ya Probox,
miguu tu ndiyo iliyonipokea.
"Nina tatizo la jino la buluu," nikamtania.
"La kutibu au la kung'oa?" akauliza kutoka mvunguni.

Akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono,
akasogeza kiti changu nyuma bila kuniomba,
akafungua ukurasa nisiowahi kuufikia:
maandishi ya Kijapani, vijumba vidogo vyenye paa na madirisha.
Nilivinunua pamoja na gari
nikaviacha vilivyo, kama mpangaji anavyoacha
misumari ya mwenzake ukutani.

Akavipiga picha, simu yake ikavitafsiri.
"Dada, hili gari lina simu tano moyoni. Tano ndiyo mwisho.
Yako ni ya tano, imesimama mlangoni.
Kila ukiwasha, linaanza na ya kwanza, simu ya Chieko.
Linaita. Linangoja.
Linaita tena. Ndipo linakumbuka kwamba na wewe upo.
Mama akipiga katikati ya huo wito, anakatwa."

Sikusema kitu.
Nilifikiria zile asubuhi zote, mvua ya Kasarani kwenye kioo,
mimi nafunga mkanda, natafuta chaja,
na gari langu, kabla ya kuniona,
linamwita mtu wa ng'ambo
ambaye pengine ameshanunua jingine,
pengine macho yamemwisha, wanawe wamemficha ufunguo,
pengine alimjibu mama yake humu humu
kwenye kiti hiki chenye doa la chai
ambayo sikuimwaga mimi.

"Tufute?" Kidole hewani, cheusi kwa grisi.
"Futa hao wengine watatu. Chieko mshushe tu, awe wa pili."
"Hashuki huyu. Ni kubaki au kufutwa."
Kijana aliyekuwa akiziba pancha akacheka mpaka akaachia tairi.

Nikafuta mwenyewe.
Kioo kikaleta mstari wa vijumba.
"Linauliza kama una uhakika," akasema Oduori.
Nikabonyeza cha kushoto.

Akachomoa waya wa betri.
Tukanywa chai dakika kumi, ili lisahau vizuri.
Kisha sifuri nne, simu yangu ikaingia, ya kwanza na ya pekee,
na juu ya kioo cha kati akakuta kitundu cha maikrofoni
kimezibwa na stika ya harambee ya kanisa.
"Hilo pipa la mama yako, ndilo hili," akasema,
akaibandua kwa kucha.
Alitaka mia nane. Nikampa elfu, sikungoja chenji.

Jumatatu, Pangani, mama anapiga.
Sauti inaingia nzima, na jogoo wake nyuma,
na sufuria inayofunikwa.
"Leo umetoka kwenye pipa!"
"Nimetoka, mama. Sema."
"Ah, sina neno. Nilikuwa najaribu tu kama utasikika."

Taa ikawa kijani, hakuna aliyesogea.
"Mbona umenyamaza?"
"Foleni," nikasema.
Na hakukata, wala mimi sikukata,
mpaka Ngara.