Chai ya Rangi

Lebo mia nne za mvinyo wa Hombolo
zilirudi dukani asubuhi, ndani ya boksi la sabuni.
Mzee Chidawali hakugomba. Aliilaza moja mezani,
akasema: "Mwanangu, niliagiza damu ya mzee,
umenipikia chai ya rangi."

Nikaziwasha zote tatu.
Ile ya mezani, ya mnada, kioo kizito kama kinu,
ikasema: zambarau.
Mpakato wa Sechelela ukasema: bluu,
tena bluu iliyolala njaa.
Ile mpya, tunayoilipa kidogo kidogo,
ikasema: nyekundu ya pilipili, na haikusita.
Mashahidi watatu, zabibu moja.
Printa ikawasikiliza wote, ikafuata lake.

Dawa nilijua ipo. Kidude
kisichozidi kifungo cha koti,
kinang'ang'ania kioo kama kupe shingoni mwa ng'ombe,
kinanyonya mwanga, kinasema kilichomo.
Nikapiga simu Kariakoo.
Cha juu: kodi ya fremu, miezi minne.
Cha kati: miezi miwili,
lakini hakiongei na kompyuta kuukuu,
programu yake inataka mashine ya juzi.
Cha chini kimeshatumika, hakina boksi,
na muuzaji ameapa mara tatu
kabla sijamuuliza chochote.

Sechelela akacheka.
"Kioo si shati, hakichafuki kila siku.
Kukipima mara moja kwa mwezi kunatosha.
Sasa siku ishirini na tisa kidude kitakula nini hapa?"
Akavuka barabara hadi kwa Mnyampaa, mpiga picha,
ambaye Jumamosi alimkabidhi bibi harusi wa Ipagala
albamu yenye mashavu ya kijani.
Hakubembelezwa.
Nasra wa Kondoa, mchora vitenge, naye akatoa fungu lake
akilalamika, akihesabu noti mara mbili.
Tukanunua kile cha kiapo,
kizunguke kwa zamu kama upatu.
Programu tukaipata ya bure,
kazi ya watu wasiotujua,
ambayo haikuuliza mashine ina umri gani.

Kwanza tulifuta vumbi.
Vumbi letu hili, jekundu, la Nkuhungu:
nusu ya kosa ilitoka na kitambaa,
nikaona aibu, sikumwambia mtu.
Tukafunga pazia, jua la saa saba likabaki nje likibisha.
Kupe akashika kioo.
Nyekundu. Kijani. Bluu. Kijivu, kijivu, kijivu,
dakika kumi na nane, hakuna aliyezungumza.

Ile mpya ilinyenyekea kidogo.
Mpakato ulipata nafuu.
Ile ya mnada ilifika ilipoweza, ikasimama;
kidude hakimpi mzee macho mapya,
kinamwambia tu amepungukiwa kiasi gani.
Sasa tunaandikia barua juu yake.

Mzee Chidawali alikuja na kishada mfukoni.
Alipasua zabibu moja kwa kucha,
akaisogeza karibu na kioo, karibu kabisa,
tone likateremka juu ya jina la shamba lake.
Akatazama huku. Akatazama huku.
"Imekaribia," akasema.

Nikachapa mia nne.
Tone sijalifuta bado.
Kila nikiwasha asubuhi, nalitazama kwanza,
ingawa siku hizi limekauka
na limeanza kuwa chai ya rangi.