Saa Tatu

Ishirini na tisa walikufa usiku ule.
Mama aliwahesabu kwa ncha ya fagio,
namba moja moja, kama anayemsomea mtu deni.

Sikuwa nimegusa taa yao.
Nilikuwa nimesasisha programu ya redio tu
ili spika ya sebuleni iache kukoroma.
Lakini ndani ya kompyuta ile moja, kuukuu,
iliyotoka ofisi ya tumbaku Urambo na vumbi lake,
redio na taa na pampu ya tanki
vilikula sahani moja;
kimoja kilipoongezewa chumvi
vyote vikaumwa tumbo.

"Kwangu inafanya kazi," aliniandikia Msabila toka Nzega.
Sentensi ile naijua.
Nami nimewahi kuwatumia watu waliokaa gizani.

Mfumo wenyewe si wangu. Unaitwa Kaya, hauuzwi.
Msimbo wake uko wazi kama uwanja uliofagiwa:
apitaye hupita, aonaye jani huliokota.
Wameushona watu nisiowajua, kiraka juu ya kiraka,
na mimi nilikuwa nakula tu.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
mimi nilikuwa na mwaka wa tatu.

Basi nikaanza kuuchongea makasha.

Baba alikuwa mfunga mabehewa, stesheni ya Tabora,
pale reli inapogawana, hii Kigoma, hii Mwanza.
Kuhusu kazi yake hakunieleza lolote;
nilizijua oili za shati lake tu.
Ila niliona: kontena linafika limepigwa lakiri,
kichwa cha treni kinabadilishwa,
na sabuni iliyomo ndani
haijui kama imegeuza njia.

Nilitaka hivyo. Taa iwe na kasha lake,
chakula chake, maji yake,
redio nayo iharibikie huko kwake.

Usiku wa kwanza kasha liliamka kipofu.
Kipimajoto kimechomekwa ubavuni mwa kompyuta,
ukuta hauna dirisha.
Nikatoboa tundu, la waya mmoja.

Usiku wa pili umeme ulikatika, ukarudi,
kasha likazaliwa upya, halikumbuki hata kuku mmoja.
Nikajifunza kuiweka kumbukumbu nje,
kama daftari la madeni linavyowekwa kwa jirani.

Usiku wa tatu taa ilichelewa.
Mama alisema saa kumi na mbili jioni.
Iliwaka saa tatu.
Nilitafuta kosa hadi macho yakawa pilipili.
Kumbe kasha lilikuwa linaishi Greenwich!
Mama anahesabu toka jua linapochomoza,
mimi nahesabu toka usiku wa manane,
kasha linahesabu kwa saa ya mahali
ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga.
Saa tatu ndani ya nyumba moja ya Isevya,
na vifaranga hawana saa.

Dawa ilikuwa mstari mmoja.
Tabora haimo kwenye orodha;
nikaandika Dar es Salaam,
kama tufanyavyo kwenye fomu nyingi.

Nikatuma kiraka. Siku nne, kimya.
Ya tano akajibu mtu aitwaye Ilmari,
wa huko ambako, alisema, theluji imefika dirishani:
"Kazi nzuri. Umeacha nywila ndani."

Kweli, imo. Jina la kuku mwekundu wa mama
na mwaka niliozaliwa.
Nikaitoa huku masikio yanawaka moto.
Nikamwambia mama aibadilishe, akakataa.
Kuku huyo, alisema, bado yu hai.

Kiraka kilipokelewa Jumatano.
Tangu hapo sijui ni nyumba ngapi zimelifungua kasha langu,
wala wanapasha joto nini humo,
unga uliochachwa, mtoto, miche ya nyanya.

Mama ameleta vifaranga arobaini.
Taa huwaka saa kumi na mbili, haikosi hata dakika.
Na kila jioni, kabla haijawaka,
huweka jiko la mkaa karibu na mlango wao,
limekolea.
Sijamuuliza.