Kiungo cha Kumi na Saba

Ghalani kwa marehemu Arvo, huku Võrumaa,
Februari imeng'ata mlango, bawaba hazigeuki.
Mrija wa chuma ukiushika bila glavu
unakudai ngozi.
Leida amewasha jiko la kuni, ameegemeza picha kwenye kopo la misumari:
mwaka 1912, mabawa manne ya kitambaa,
na babu yangu, kofia mkononi,
amesimama kando ya mashine yake kama bwana harusi.

Ndiyo tunayoiunda upya.
Mchoro hatuna. Tuna picha, lenzi ya kukuzia,
na ubishi.

"Alitumia bolti," asema Leida.
"Na alianguka," namjibu.
Mrija mwembamba ukiutoboa umeupunguzia nguvu
pale pale unapouomba nguvu;
tundu ni mlango,
na ufa haupigi hodi.

Basi tunachomelea.
Kwanza tupa: ncha ichongwe kama mdomo wa samaki anayetweta,
iukumbatie mrija wa pili.
Leida hukiinua kiungo dirishani. Akiona uzi wa mwanga katikati
hasemi kitu. Hunirudishia tupa.
Kisha msasa, mpaka chuma king'ae kama sarafu mpya,
kisha kitambaa chenye spiriti,
kisha mkono usikiguse tena,
maana hapa hata jasho la mtu mwema ni uchafu.

Mwali wa buluu. Waya. Kidimbwi kidogo cha moto
nakisukuma taratibu
kama anayemswaga bata juu ya barafu.

Cha kumi na saba kilipoa vizuri.
Magamba ya mshono yalilaliana kama ya samaki,
Leida akakigonga kwa spana, kikaitika.
Mimi tu nilijua: kwenye kona ya ndani
mkono ulitetemeka, mwali ukaruka,
nikaongeza waya, nikafunika.
Juu mshono, chini hewa.
Rangi ingekificha. Kitambaa kingekificha.
Na atakayekaa kitini, mita sita juu ya malisho,
ni Leida.

Mwaka 1983, karakana ya shamba la ushirika,
Ijumaa, gesi imebaki ya kuwashia sigara,
nilichomelea ndoano ya trela.
Ilipendeza.
Jumatatu ikakatika kwenye mteremko, na Arvo alikuwa nyuma yake.
Tume iliandika: *chuma kibovu*.
Nikatia sahihi.
Ndugu yangu alichechemea miaka thelathini na moja,
na kila Krismasi alinishukuru
kwa fimbo niliyomchongea.

Kuunga. Kuungua. Kuungama.
Maneno haya yanaishi nyumba moja,
na mimi nilikuwa nimezoea vyumba viwili tu.

Nikachukua msumeno.
"Unafanya nini?" Sikujibu mpaka kipande kilipoanguka
kikaonyesha tumbo lake: jeusi, lenye pengo
la kutosha kuingiza ukucha.
Ndipo nikamweleza. Hiki kwanza.
Kisha ile ndoano.

Alitoka nje kuchukua kuni.
Kuni zilikuwepo tele pembeni mwa jiko.
Nikasikia theluji ikilia chini ya viatu vyake, kwenda, kurudi, kwenda.
Aliporudi kope zilikuwa nyeupe.

"Na vile kumi na sita?"

"Vizima."

Akavitazama vyote, kimoja kimoja,
akachagua cha tano. Akakibana kwenye jiriwa.
Akakata mwenyewe, hakutaka nimshikie taa.
Ndani chuma kilikuwa kimoja, kimejaa, hakijui kilianzia wapi.
Alipitisha kidole pale mara mbili.

Halafu akachukua penseli,
akaandika ukutani, chini ya picha:
*5, 17. Kurudia.*
Akanisukumia tupa.