Mzinga wa Darini

Mama kauita mzinga tangu siku ya kwanza,
kaka yangu Thuwaini alipoupandisha ngazi kwa jasho:
bomba jeusi, lanifika kifuani, pana kama ndoo.
"Wa nyuki au wa Idi?" akauliza,
akarudi kwenye kofia yake, uzi mdomoni.

Hapa Ibra taa ni chache upande wa wadi.
Nikapiga hesabu ya mwalimu wa skuli:
kioo cha inchi nane, bei nafuu,
kitako cha mbao kizungukacho kama kiti cha kinyozi.
Kamera ninayo. Kimebaki nini?

Kimebaki kila kitu.

Kwanza fokasi. Nazungusha mpaka mwisho, picha bado ukungu,
kwa kuwa mwanga unakutania ndani ya bomba,
sentimita mbili tu kabla ya kuifikia kamera,
kama mgeni aliyeketi barazani, akagoma kuingia.
Nikanunua skrubu ndefu duka la vipuri vya Toyota,
nikakisogeza kioo juu, robo kwa robo,
nikimwomba Mungu kisipasuke.

Kisha uzito. Kamera ikifungwa, pua inainama,
bomba lasujudu kabla ya adhana.
Nikaning'iniza mkiani kilo mbili za khalasi
ndani ya soksi. Likakaa sawa
usiku mmoja. Wa pili, sisimizi walishazipata tende,
na mizani ikawa yao.

Hayo ni ya mikono. Lisilo la mikono ni hili:
Zuhali anaingia kushoto, anapita, anatoka,
sekunde arobaini,
nami nasukuma kwa kidole kimoja, polepole,
kama unavyomgeuza mtoto aliyekwisha lala,
na bomba linatetemeka, na pete inamwagika kama uji.
Kitako changu chajua juu na chini, kulia na kushoto.
Mbingu yazunguka mshazari.
Hata ningeifuata bila kukosea,
nyota za pembeni zingeizunguka ya kati
kama wanawake kwa biharusi.

Usiku mmoja Mama akapanda,
magoti yakimlaumu kila kidato.
Akaweka jicho. Kimya.
"Mbona anakimbia?"
"Hakimbii, Mama. Tunaokimbia ni sisi."
"Sisi," akasema, jicho halijatoka, "tushakimbia sana.
Ng'ambo hadi Maskati kwa meli,
Maskati hadi hapa kwa lori, na wewe tumboni.
Mwambie atulie."

Asubuhi akanishauri niuze, tununue kiyoyozi.

Nikabadili njia: video fupi, dakika moja na nusu,
kompyuta ichambue fremu elfu tatu,
iteue mia mbili na kumi na mbili zisizotikisika,
izipange moja juu ya moja.
Hesabu hiyo Mama akaipenda.
"Kama matundu ya kofia. Mengine unafumua."
Zuhali akatoka, mdogo kama punje ya mchele;
pete unaiona ukishaambiwa iko wapi.

Jabari ndiye aliyenishinda.
Wingu lake halitaki video, lataka jicho liachwe wazi.
Kabla ya alfajiri, shuka mabegani, umande kwenye kioo,
nikaliacha wazi sekunde ishirini.
Wingu halikuonekana. Kila nyota ikawa mstari,
mifupi, mingi, yote ikilalia upande mmoja.

Nilitaka kuifuta. Mama akaninyang'anya simu,
akaisogeza taani, akaivuta kwa vidole viwili.
"Nani kashona hii?"
Nikamwambia ni makosa.
"Makosa yamekwenda sawa namna hii?"
Akatafuta kitambaa cheupe, akakata uzi wa buluu.

Kofia ile Thuwaini huivaa Ijumaa.
Watu msikitini humsifia mshono,
naye huwajibu, bila kujua zaidi,
kuwa ni wa zamani sana.